Risasi Haitaki Maneno

Wiki mbili zilizopita, siku ya Ijumaa, nilimtoa mwanangu samaki mdomoni. Si samaki wa kuliwa, jamani. Ni samaki wa risasi, madini yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu ili zizame. Ana urefu wa kidole changu cha shahada, jicho moja, mkia uliopinda, na ubavuni ana alama za meno. Meno yale si ya mwanangu. Mwanangu ana miezi minane, na meno yake yote mawili unaweza kuyaficha nyuma ya punje ya mchele. Yale ni meno ya mdogo wangu Shaibu, aliyemng'ata samaki huyo alipokuwa mtoto, na aliyemtengeneza samaki ni mimi.

Shaibu mwenyewe ndiye aliyemleta. Kila Ijumaa baada ya swala hutoka Magomeni ya mji wetu huu wa kusini, anakoishi na Mama, akaja kwangu Chuno kwa miguu, akala wali, akambeba mpwa wake, akarudi. Ni mtu mzima sasa, ana ndevu, ana mabega ya marehemu baba yetu, lakini maneno yake ni machache na huyatoa mojamoja, kama mtu anayetoa miiba mdomoni wakati wa kula samaki. Siku hiyo nilikuwa jikoni. Nikamsikia akisema, "Dada, zawadi. Ya mtoto." Nikajibu ahsante bila kugeuka. Nilipogeuka, mtoto alikuwa mapajani pake ananyonya kitu, na mjomba mtu anamtazama kwa furaha ambayo sijapata kuiona tena usoni mwa mtu.

Nilipiga kelele. Nilimpokonya mtoto, nikamtia kidole mdomoni, samaki akaanguka sakafuni na ule mlio wake mzito, pu! Nikamwambia Shaibu, "Una wazimu wewe?" Neno hilo kwetu halisemwi. Watoto wa mtaani walimwita hivyo zamani na mimi niliwarushia mawe kwa ajili yake. Shaibu aliinuka taratibu, akashika kandambili zake mkononi, akatoka peku kwenye jua la saa nane.

Hospitali daktari alimkagua mtoto, akaniuliza alikaa na kitu kile muda gani. Nikamwambia ni muda wa kukuna nazi nusu. Akasema nimshukuru Mungu nimewahi, mtoto haonyeshi dalili yoyote, ila nimrudishe achunguzwe tena. Basi, kwa mtoto moyo ulishuka. Lakini Ijumaa iliyofuata nilipika wali, nikauweka, nikaufunika, na Shaibu hakuja. Ukapoa. Nikajua nina jambo la kwenda kulisema Magomeni, jambo nililolikalia zaidi ya mwaka mzima, na kwamba nisipolisema nitampoteza mdogo wangu.

Samaki nilikuwa nimemtia kwenye chupa yenye kifuniko, juu ya kabati. Kabla ya kuifunga ile chupa nilinusa vidole vyangu. Loo! Harufu ya chuma kilichosuguliwa, na nyuma yake, labda ni mawazo yangu tu, moshi wa vifuu vya nazi. Nilikaa chini palepale nikalia. Si kwa hofu, hofu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa namtaka baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa risasi za nyavu. Uwani kwetu, nyuma ya jiko la makuti, palikuwa na mafiga matatu ambayo Mama hakuruhusiwa kuyagusa, na juu yake karai la chuma lililoungua mpaka likawa jeusi tii. Msimu wa korosho, malori yanapopanga foleni ya kwenda bandarini, Baba aliwapitia madereva mmoja mmoja kuuliza betri mbovu. Alirudi nazo kwenye baiskeli, mbili nyuma, moja kwenye mtalimbo, anaikokota huku anapiga mluzi. Alizipasua kwa shoka. Maji yake makali aliyamwaga kwenye shimo karibu na mpapai. Mpapai ukanyauka, ukafa, na sisi tukasema umezeeka. Kisha alitoa mabamba ya ndani, akayagonga jiweni, lile tope lake la kijivu likadondoka. Kazi ya kufagia tope ilikuwa yangu, na niliifanya kwa ufagio wa chelewa na mbwembwe zote. Shaibu alikuwa anatambaa wakati huo. Nikifagia huku, yeye yuko kule, viganja vya kijivu, magoti ya kijivu, anajilamba.

Wavuvi walikuja kwetu kutoka Shangani, kutoka Msimbati, wengine kutoka kule mto Ruvuma unakoingia baharini. Walisema risasi ya fundi wa Magomeni haipasuki. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa na nilijiona mtoto wa mfalme.

Saa niliyoipenda ilikuwa ile ya kuyeyusha. Vifuu vimeshika moto vizuri, karai limekaa sawa, mabamba yanalegea, yanazama, na ghafla ile rangi ya majivu inaondoka juu na chini yake kunang'aa. Baba aliondoa uchafu kwa upawa wa chuma, akasema "Bismillahi," akatugeukia sisi wote uwani, akasema neno lake: "Risasi haitaki maneno."

Na kweli haikuyataka. Tone moja la mate likiangukia kwenye karai, risasi huruka. Baba alikuwa na kovu shingoni, alilipata siku mteja mmoja alipomchekesha. Kwa hiyo akishasema vile, nyumba nzima ilinyamaza. Mama aliacha kutwanga. Bibi, mama yake Baba, ambaye maneno yake hayakuisha tangu alfajiri mpaka kulala, alihesabu tasbihi kwa midomo tu. Hata jirani wa ukuta wa pili, akiona moshi, alipunguza redio. Unasikia vifuu vinalia motoni, unasikia kuku anaparua, na Baba anamimina kwenye kalibu, kile chuma chenye vishimo vya kuipa risasi umbo, jasho linamtiririka puani naye analifuta kwa bega. Mimi nimechuchumaa pembeni nimejibana, nimejaa furaha tele. Nimekaa kwenye misiba, nimekaa kwenye mitihani, nimekaa msikitini upande wa wanawake. Sijaupata tena ukimya ule. Nautamani mpaka leo.

Aliyeuharibu ni mmoja tu, Shaibu. Alikuwa ndiyo kwanza anapata maneno. Alikuwa na "baba," alikuwa na "maji," alikuwa na "nyanya," na mimi alikuwa ananiita "Dadi." Akiona moto unawaka, basi, hotuba inaanza. Ba-ba-ba-ba! Baba anakunja uso, Mama ananipigia macho, na mimi ndiye mlezi, nifanyeje? Nilimpakata, nikamziba mdomo kwa kiganja. Sikumbana pua, sikumuumiza, mkono tu juu ya midomo. Maneno yake yalikuja yakagonga kiganja changu, ya moto, yenye mate, nayasikia kabisa yanagonga. Nikayarudisha.

Lakini mtoto ana nguvu ya kupinda kichwa, na siku moja "maji!" yake ilimshtua Baba, risasi ikamwagika nje ya kalibu, ikamkosa kidole cha mguu. Hakunipiga. Alisema tu, "Mtafutie huyu kitu cha kumshughulisha." Nililala na maneno hayo.

Asubuhi nilikwenda pwani maji yakiwa yametoka, nikaokota ule mfupa mweupe wa ngisi ambao bahari huutupa mchangani. Ni mwepesi, ni laini, unachorwa hata kwa ukucha. Nilichonga humo shimo lenye umbo la samaki kwa msumari, nusu siku nzima, nikamwekea magamba, nikamwekea mkia. Mkia ulipinda, nikasema ndiyo anaogelea. Baba aliutazama ule mfupa, akanitazama mimi, akaufunga kwa waya kwenye kibao, na risasi ilipokuwa tayari akanimiminia humo upawa mmoja mdogo. Ukanuka! Mfupa wa ngisi ukiungua unanuka nywele. Kisha akaupasua kwenye ndoo ya mchanga, na ndani alikuwamo samaki wangu, magamba na yote.

"Aisee!" Baba akasema, baada ya kazi, maneno yalipokuwa yameruhusiwa. "Mama Shaibu, njoo uone. Huyu ndiye fundi. Mimi nilikuwa nacheza tu."

Alimtoboa jicho kwa msumari wa moto, akamsugua kwa majivu mpaka akang'aa, akamtia uzi wa nyavu, na mimi nikamvalisha Shaibu shingoni. Meno yalikuwa yanamuota, ufizi unamwasha. Alimtia samaki mdomoni, akafumba macho. Akanyonya, akanyamaza. Mama akasema, "Afadhali mwanangu, umetuokoa." Kama nitaulizwa siku ya furaha yangu kubwa duniani, kabla ya kuzaa, nitasema ni hiyo. Najua sasa ilikuwa siku gani, na bado nitasema ni hiyo.

Baada ya hapo Shaibu hakupata neno jipya. Tulisubiri. Watoto wa rika lake wakaanza kutukana, yeye bado yuko kwenye "baba." Halafu hata aliyokuwa nayo yakaanza kupungua. "Nyanya" ilikwenda. "Maji" ikabaki "ma." Alichelewa kutembea. Chakula alikisukuma. Tumbo lilimuuma, analikumbatia kwa mikono miwili na kulia kilio kisicho na machozi, na kitu pekee kilichomtuliza ni samaki wake.

Mimi nilijua sababu. Sikumwambia mtu, lakini nilijua. Maneno niliyoyarudisha kwa kiganja changu yalikuwa yameshuka tumboni, yamejazana huko, ndiyo maana tumbo linamuuma na mdomoni hakuna kitu. Nilikuwa nampeleka nyuma ya jiko, namwambia, "Yatoe, nnumbu wangu. Sasa nakuruhusu. Yatoe yote." Nnumbu ni neno la Bibi la Kimakonde, la ndugu wa kike na kiume. Namfunua mdomo kwa vidole viwili, nachungulia. Yeye anacheka, ananing'ata. Nilichungulia siku nyingi sana.

Wakubwa nao walikuwa na sababu yao. Bibi alisema mkwewe alikula mayai akiwa mjamzito, na mwanamke akila mayai mtoto huwa bubu, kila mtu anajua. Alilisema mara moja tu, wakati wa kula, na nyumba nzima ikalisikia. Shaibu akanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya mvua. Akapelekwa kwa huyu, akapelekwa kwa yule. Bombani wanawake walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," wakihakikisha Mama hajafika mbali. Mama alijitwisha ndoo akaondoka. Na Baba, ili apate cha kumhangaikia mwanawe, akatafuta betri zaidi, akayeyusha zaidi. Siku zilizokuwa mbili kwa wiki zikawa nne. Usilolijua ni usiku wa kiza, ndivyo wanavyosema, nasi tulikuwa gizani kwenye jua la mchana, na moto tumeuwasha wenyewe.

Shuleni Shaibu alikaa darasa la kwanza mpaka miguu yake ikawa haitoshi chini ya dawati. Nilimwandikia "a" mchangani jioni, akaishika, akaisema, akaifurahia, na asubuhi haipo. Haipo kabisa, kama imefagiliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na kichwa cha kuuma na majina ya watu hayanikai mpaka leo, nasema ndivyo nilivyoumbwa. Huenda. Sitaki kuulizia sana.

Baba alianza kulegea viganja nikiwa kidato cha pili. Mkono uko sawa, unafika kwenye kifundo vizuri, lakini kiganja kinaning'inia, kikombe hakishiki. Upawa alimwachia Shaibu amshikie, kisha akauacha kabisa. Alikufa kwa tumbo, ndivyo tulivyoambiwa, na sitasema zaidi kwa sababu sijui zaidi. Mafiga yaling'olewa. Samaki sikumwona tena, nikadhani amezikwa na takataka za msiba.

Nilipokuwa na mimba ya huyu binti yangu, mwaka jana, nilikuwa nimekaa kliniki kwenye benchi nasubiri kupimwa. Akaja mama mmoja mtaalamu kutufundisha mambo ya lishe na usafi, tukawa tunasinzia. Akasema, "Na wenye betri mbovu nyumbani, wanaozipasua, wanaoyeyusha risasi karibu na watoto, naomba mnisikilize." Usingizi ukaniruka. Alisema mwili wa mtoto unaidhani risasi ni chokaa ya mifupa, unaipokea kwa mikono miwili. Alisema inakwenda mpaka kwenye ubongo, na ubongo wa mtoto mdogo bado unajengwa, kwa hiyo inaharibu jengo kabla halijaezekwa. Akataja na dalili: kuchelewa kusema. Kusahau maneno aliyokuwa nayo. Tumbo. Hamu ya kula kukatika. Alikuwa anamtaja mdogo wangu, na hajawahi kumwona.

Nilinyoosha mkono. Nikauliza, "Kama mtoto alikuwa anainyonya? Kila siku?"

Akaniangalia. "Yuko wapi huyo mtoto?"

"Ni mkubwa sasa."

Akasema kwa upole kwamba lililoharibika mara nyingi halirudi, lakini mtu anaweza kufundishwa kwa subira, na kikubwa ni kuwalinda wanaokuja. Nikasema ahsante. Nikarudi nyumbani nikapika.

Sikumwambia mtu. Mtaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza. Nilikuwa nimeishi miaka yote na hatia ya kiganja, hatia ya kitoto, nimeizoea mpaka ikawa kama kovu la Baba, haiumi ukiigusa. Sasa naambiwa kiganja hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye samaki. Kwenye ile siku. Na kwenye ule ukimya, ule moto, ile "Bismillahi." Ningelisema jambo hilo kwa mdomo wangu, Baba angekuwa mtu aliyewatilia wanawe sumu, na hayupo ajitetee. Nilimpoteza mara moja, sikuweza mara ya pili. Basi nikafanya kile nilichofundishwa. Nikanyamaza.

Kumbe Shaibu alikuwa na samaki wake miaka yote hiyo, kwenye kopo la sindano zake za kushonea nyavu. Alimtunza. Na alipopata mtu wa kumpenda kuliko nafsi yake, akampa.

Jumamosi asubuhi, baada ya ile Ijumaa ya wali uliopoa, nilimbeba mtoto mgongoni, nikatia chupa kwenye mkoba, nikaenda Magomeni. Mama alikuwa barazani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo sisi huku tunavichemsha na chumvi. Shaibu alikuwa pembeni na wavu mapajani, maboya yake ya plastiki yametandazwa. Aliniona, akageuka akanipa mgongo. Yeye kushona nyavu hakuna wa kumfikia. Vidole vyake havijasahau kitu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemfanya nini mwenzio? Wiki ya pili hii hali vizuri."

"Nimekuja kwa hilo."

Nilitandika kanga hapohapo barazani, nikamweka mtoto. Uwani sikumpeleka, ile ardhi siiamini tena. Nikatoa chupa, nikaiweka kwenye mkeka. Nikaanza.

"Mama, ile kuchelewa kwa Shaibu. Yale maneno yaliyopotea. Ilikuwa risasi. Moshi wake, lile tope, na huyu samaki. Ikiingia kwa mtoto inakwenda kichwani."

"Nani kasema?"

"Wataalamu. Kliniki, mwaka jana."

"Mwaka jana," Mama akasema. Kisu kikasimama. "Mwaka jana, na wewe umekaa kimya." Nikainamisha kichwa. Mama akauliza kwa sauti ndogo ambayo siijui, sauti ya msichana: "Na mayai?"

"Mayai gani, Mama?"

"Niliyokula. Nilikula mawili, mimba yake ina miezi sita. Ya kuku wangu mwenyewe. Nilikuwa na njaa."

Yarabi. Nimeishi na mwanamke huyu maisha yangu yote, nimemwona akipika mayai, akiyamenya, akitugawia sisi na kulamba vidole vyenye chumvi tu. Nilidhani hayapendi.

"Mayai hayana neno, Mama. Siku hizi wajawazito wanahimizwa wayale."

Alichukua ncha ya kanga akajifunika uso. Mabega yalikuwa yanacheza. "Kwa hiyo si mimi," alisema ndani ya kanga. "Kwa hiyo si mimi." Kisha akaifunua. "Na marehemu amekufa hajui."

"Hajui."

"Afadhali." Akafikiri. "Hapana, si afadhali. Alikuwa ananitazama, mwanangu. Wakati mwingine tunakula, alikuwa ananitazama."

Nikaichukua ile chupa. Nikasogea mpaka kwa Shaibu, nikakaa mbele yake ili asiweze kunipa mgongo.

"Shaibu, nisamehe kwa neno lile. Wewe huna wazimu, na huna kosa. Samaki huyu ni sumu. Nilimtengeneza mimi, nikakupa unyonye, ili unyamaze. Nilikuwa mtoto, sikujua, lakini ni mimi. Maneno yako nilikunyang'anya mimi. Ungekuwa leo..."

Nilitaka kumwambia angekuwa nani. Nilikuwa nimeshamtengenezea maisha mazima kichwani mwangu: fundi mwenye duka, mume wa mtu, mtu wa kubishana na kucheka kibarazani. Machozi yakanizuia. Yeye alikuwa ananitazama, sindano ya nyavu mkononi, uso wake umetulia, na sikujua ameelewa kiasi gani.

Mtoto pale kwenye kanga alikuwa ameyaona maboya. Akaanza. Ba-ba-ba-ba! Anapiga mkeka kwa mikono, sauti yake imejaa baraza zima, na mimi nataka kumalizia maneno yangu kwa ndugu yangu. "Shh, mwanangu, subiri," nikasema, na bila kufikiri nikanyoosha mkono nikamwekea kiganja mdomoni. Ile namna ileile. Maneno yake yakagonga kiganja changu, ya moto, yenye mate.

Shaibu aliweka sindano chini. Akaushika mkono wangu kwa vidole vyake vigumu vya nyavu, akautoa kwenye mdomo wa mtoto, akaurudisha mapajani kwangu. Kisha kiganja chake kikubwa akaniwekea mimi mdomoni, taratibu, bila kuumiza.

"Dada," akasema. "Nyamaza wewe. Mwache aongee."

Basi tukanyamaza, mimi na Mama na Shaibu, kama tulivyokuwa tukinyamaza uwani kwa Baba. Ukimya ni uleule. Na mtoto akaongea.